Mkono Uliopoozea Redioni

Jumatatu, 4 Mei

Fundi kaingia hewani tena. Dakika nne! Nimezihesabu kwa saa ya ukutani.

Fundi ni jirani yetu, mshona nguo. Cherehani yake iko barazani, mkabala na dirisha letu la jikoni, na redio yake haijui kupumzika. Leo amepiga simu kwenye kipindi cha wazee, akaueleza ulimwengu mzima kwamba amechomwa chanjo ya mafua pale zahanati, hakusikia kitu, na akarudi kumalizia suruali tatu. Mtangazaji akamwita shujaa. Shujaa! Mtu aliyenishonea koti lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, akasema nitalizoea.

Mimi nimetangaza kwenye stendi ya mabasi miaka thelathini na moja. Kipaza sauti mkononi, sauti nzito, abiria wanaruka na mizigo yao. Tangu nistaafu nimepiga simu redioni mara kumi na tisa. Hewani nimeingia mara sifuri. Na Fundi ana kofia ya Msikilizaji wa Mwezi. Anaivaa hata akinyoa ndevu.

Basi leo na mimi nikaenda zahanati kuchanjwa, nipate la kusema. Chanjo ni bure kwa kila aliyefika miaka sitini, mwisho Alhamisi ya wiki ijayo. Foleni ndefu, nilihesabu watu arobaini na tatu. Nikasogea, nikasogea. Nikaiona sindano. Nikaingia mitini.

Nyumbani nikamwambia Mama Watoto nimeshachomwa, nikamwonyesha pamba mkononi. Pamba niliitoa kwenye chupa ya vidonge vya vitamini. Amefurahi, maskini. Amesema kesho ana nguo za kufua, yeye atakwenda Jumatano. Na lazima aende. Msimu uliopita wa baridi mafua yalimshuka kifuani, akalazwa siku kumi na moja na mpira wa hewa puani. Lile benchi la wodini sitaki hata kulikumbuka.

Jumanne, 5 Mei

USHINDI! Dakika saba!

Niandike kwa utaratibu. Nilijifungia bafuni na simu. Binti anayepokea simu redioni akaniuliza nimepatwa na nini baada ya chanjo. Nikasema sikupatwa na kitu, namshukuru Mungu. Akasema watu wa kutopatwa na kitu wapo kumi na wawili kwenye foleni, labda nijaribu mwezi ujao. Alitaka kukata! Nikaropoka kwamba mkono wangu haunyanyuki.

Hewani papo hapo. Hata mate sikumeza.

Bahati nzuri nilikuwa nimejiandaa. Redio yetu iko jikoni na Mama Watoto huisikiliza akifanya kazi, kwa hiyo nilibana pua kwa kibanio cha nguo. Sauti ikatoka nyingine kabisa. Mtangazaji akauliza vidole je? Nikasema vinatikisika, lakini shingo upande. Akauliza nakulaje. Nikasema mke wangu ananilisha kwa kijiko. Akashusha pumzi hewani, nikaisikia. Akanibatiza Mzee wa Mkono. Simu zikamiminika nchi nzima, au mtaa mzima angalau.

Katikati ya yote Mama Watoto akagonga mlango. Vibanio havitoshi, kimoja hakionekani, na huko bafuni naongea na nani? Nikamjibu naomba dua. Akaniambia nimwombee na yeye.

Mchana mezani akanisimulia habari za mzee fulani mwenye sauti kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Analishwa! Machozi yakamlengalenga. Nilimsikitikia sana yule mzee, huku nikila kwa mikono miwili.

Jumatano, 6 Mei

Nimo gazetini. Ukurasa wa kwanza! CHANJO YAMPOOZESHA MZEE. Picha waliyoweka ni ya mkono wa mtu mwingine, mnene, una manyoya. Mimi mkono wangu ni wa kiungwana. Lakini si neno, nimenunua nakala mbili.

Nikarudi nyumbani kichwa kimevimba. Nikamkuta Mama Watoto ameshavaa gauni lake la kutokea, amekaa kitandani, anavua viatu. Haendi.

Haendi wapi?

Haendi kuchanjwa. Amesikia redioni, na sasa Fundi amemsomea kutoka gazetini, kupitia dirisha. Nikamwambia jamani, Fundi mwenyewe kachomwa na anashona. Akanijibu kwamba Fundi alipewa dakika nne, yule wa mkono akapewa saba. Kama si jambo zito wasingempa saba. Nikamwambia mimi pia nimechomwa, hebu nitazame, mkono huu hapa, nikaupeperusha. Akasema wangu labda bado uko njiani. Akanitazama kwa huruma. Akaanza kunikatia nyama vipande vidogo, nijizoeze.

Niliiacha nyama sahanini, nikatoka.

Nikapita zahanati kupeleleza. Kwenye benchi watu watatu, na mmoja alifuata jino. Sista, yule muuguzi mwenye mabega mapana, alikuwa anajipepea kwa gazeti lilelile. Akaniambia siku akimkamata huyo Mzee wa Mkono, atamchoma sindano mahali ambapo hatakaa kitako wiki nzima. Nikamwambia anastahili. Nikaaga haraka.

Mama Watoto kakohoa mara mbili leo. Ndogo tu. Vumbi hilo.

Alhamisi, 7 Mei

Nina mpango. Mzee wa Mkono atapona! Akipona, hofu imekwisha, Mama Watoto atavaa gauni, mimi nitapata dakika nyingine saba. Ndege wawili, mpango mmoja.

Kwanza nilipiga kwa sauti yangu halisi, kama raia mwema mwenye taarifa njema. Binti wa simu akasema taarifa njema zipeleke kwenye salamu za Jumapili. Nikarudi na kibanio. Hewani moja kwa moja! Mtangazaji akapaza sauti, Mzee wa Mkono, wasikilizaji wanakesha kwa ajili yako! Nikasema nimepona. Kabisa! Naunyanyua hapa ninapoongea!

Ningekata simu pale, sasa hivi ningekuwa mtu. Akaniuliza nimetumia dawa gani.

Leo nilikuwa nimejificha stoo. Mbele yangu kikapu cha vitunguu. Kinywa changu hakina breki, nakiri. Nikasema kitunguu. Kimekatwa nusu. Unasugua kwa kuzungusha upande wa kulia. Kwa nini upande wa kulia sijui mpaka sasa, nadhani nilitaka ionekane ni utaalamu.

Kufika saa nane sokoni hakuna kitunguu hata cha kuoza. Fundi kajisugua mwili mzima kwa tahadhari, na wateja wanapokea suruali zao wakiwa wamegeuza shingo. Na Mama Watoto? Mama Watoto amesema sindano ya nini tena, na kitunguu kipo? Kajisugua kifua, upande wa kulia, kama redio ilivyoagiza. Nyumba nzima tunatokwa machozi. Mimi yangu ni ya hasira.

Nilimwambia kitunguu hakizuii mafua. Akauliza nimesikia wapi. Nikasema natumia akili tu. Akacheka mpaka akakohoa.

Ijumaa, 8 Mei

Nimepata usingizi mzuri na nimeamka na jawabu. Mzee wa Mkono lazima afe.

Si kifo cha kawaida. Afe kwa mafua! Na ijulikane kwamba hakuwahi kuchanjwa. Watu watatetemeka, watakimbilia zahanati wakisukumana, Mama Watoto akiwa mstari wa mbele. Sijui kwa nini sikufikiria hivi tangu mwanzo.

Nikapiga simu gazetini. Bila kibanio, sauti ya stendi, nzito na yenye majonzi. Nikajitambulisha kama mpwa wa marehemu. Mwandishi, dada mmoja makini, akaniuliza kila kitu. Nikamweleza kwamba mjomba alikuwa mwongo tu mwenye uchu wa redio, hakuchanjwa hata kidogo, mkono wake ulikuwa mzima, na mafua yamemchukua kwa sababu alikimbia sindano. Nikamwambia aandike hilo la kutochanjwa kwa wino mzito. Akanisomea alichoandika. Sahihi, neno kwa neno. Nikamshukuru, nikapenga kamasi kidogo ili kunogesha.

Marehemu nilimhurumia. Hakuwa mtu mbaya.

Jumamosi, 9 Mei

MZEE WA MKONO AFARIKI.

Herufi kubwa kama mikate. Ukurasa mzima! Halafu chini kabisa: endelea ukurasa wa 11. Nikafungua ukurasa wa 11 palepale barabarani. Tangazo la magodoro. Chini ya magodoro, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, marehemu hakuwahi kuchanjwa. Sisimizi mwembamba!

Kwa muuza magazeti watu wamejaa, wamefunga mikono nyuma, wanasoma yaliyoning'inizwa. Nikawauliza, mmoja mmoja, kama wamefika ukurasa wa 11. Hakuna. Mmoja akanieleza, kwa subira, kama anamfundisha mtoto, kwamba chanjo huanza na mkono, kisha humalizia mtu aliyebaki.

Redioni wamenyamaza dakika moja kwa heshima yake. Dakika nzima ya ukimya, redioni! Mimi nilipostaafu stendi walinipa glasi ya soda na wakaniomba nirudishe funguo. Kisha Fundi akapiga simu kuomboleza. Dakika sita! Kasema yeye na marehemu wamekua pamoja, wameogelea mto mmoja, na marehemu alikuwa mcheshi tangu utotoni. Mwongo mkubwa! Nilitoka hadi dirishani nimuumbue, nikakumbuka hali yangu, nikarudi ndani.

Mama Watoto amelia mpaka pua imeziba. Anamlilia zaidi mjane. Anasema mwanamke aliyekuwa akimlisha mumewe kwa kijiko sasa amebaki na kijiko. Halafu akaizima redio, akaifunika kwa kitambaa. Hataifungua mpaka Jumatano, ndiyo heshima.

Zahanati, Sista amekaa peke yake. Alikuwa anafuma.

Jumatatu, 11 Mei

Makubwa haya. Sebule yangu haina pa kukanyaga.

Mama Watoto na wanawake wenzake kumi na wawili wanakusanya vitu vya mjane. Sukari, unga, sabuni, blanketi zito la rangi ya maziwa, jipya kabisa. Tatizo ni kwamba hawajui mjane anakaa wapi. Wamenituma mimi niulizie! Mimi! Nikamtazama Mama Watoto anavyolikunja lile blanketi kwa upendo, analipapasa, anasema mjane atalifurahia baridi hii. Nikatamani ardhi ipasuke.

Kisha akakohoa. Si ile ya vumbi. Alisimama, akashika mlango kwa mikono miwili, akasubiri pumzi irudi. Mwenzake mmoja akamletea maji. Akasema si kitu, ni kilio tu.

Niliogopa. Naliandika wazi kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Mwaka jana daktari aliniuliza mke wangu anatumia dawa zipi, sikujua. Miaka arobaini na moja ya ndoa, sikujua! Nilikaa kwenye lile benchi nimeshika mfuko wa nguo zake, nikafunga na kufungua zipu siku kumi na moja. Sitaki kurudi pale. Sina mwingine wa kunikatia nyama, sina mwingine wa kunicheka.

Nikakimbia zahanati. Sista akanituliza. Akasema kikohozi hicho bado si cha kutisha, ila mgonjwa wa kifua kama yeye achanjwe mapema, kabla mafua yenyewe hayajabisha hodi. Nikamwomba aje nyumbani na sindano mfukoni, amvizie. Akasema chanjo inakaa kwenye friji, haiwafukuzii watu majumbani mwao. Alhamisi jioni anafunga sanduku, zilizobaki zinarudi makao makuu. Zimebaki karibu zote.

Jumanne, 12 Mei

Nimejitoa mhanga. Nimekwenda redioni mwenyewe kwa miguu yangu.

Nikamwambia mtangazaji mimi ndiye Mzee wa Mkono. Akacheka. Kumbe nilikuwa wa tatu asubuhi ile kujidai ni marehemu. Nikatoa kibanio mfukoni, nikabana pua, nikamsalimu. Binti wa simu akamwaga chai. Mtangazaji akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta, akataja majina ya Mungu yote anayoyajua.

Nikawaeleza kila kitu, nikaomba nusu saa ya kuusafisha ukweli. Wakajadiliana. Wakanipa sekunde arobaini. Arobaini! Mkono uliopooza ulipewa dakika saba, na mkono mzima sekunde arobaini! Mtangazaji akanieleza kwa upole kwamba mkono mzima hauna msisimko. Nikawekwa katikati ya tangazo la mbuzi aliyepotea na matokeo ya mpira.

Kwa haraka nikasahau kuvua kibanio. Nikaungama, nikatubu, nikasema mimi ni mzima, nendeni mkachanjwe. Nikatoka jasho chapachapa. Nikapita mitaani nikitegemea kukuta foleni.

Foleni wapi! Watu wamejifungia ndani. Wanasema wamesikia sauti ya marehemu. Fundi kaiacha suruali ya mteja kwenye sindano ya cherehani, kakimbia hadi kwa dada yake. Mbuzi, hata hivyo, kapatikana.

Nikaingia jikoni roho mkononi, nikijua Mama Watoto ameshasikia. Redio imefunikwa kitambaa. Anaomboleza. Hakusikia hata neno.

Jumatano, 13 Mei

Nimemwambia.

Sikuwa na mpango wowote, ndiyo maana ilikuwa ngumu. Nilimkuta jikoni anakoroga mchuzi. Nikasimama mlangoni, nikabana pua kwa kibanio, nikasema kwa sauti ile ya ndani ya pipa, Mama Watoto, ni mimi.

Akageuka. Akanitazama mdomo, akanitazama pua, akaweka mwiko chini. Mchuzi ukatokota peke yake. Kisha akaanza kuuliza, pole pole, bila kupandisha sauti, na hapo ndipo nilipojua kimenuka. Mkono ulipooza lini? Nikasema haujawahi. Dua ya bafuni? Haikuwa dua. Kitunguu? Kilikuwa cha kwenye kikapu chake. Mpwa? Mimi. Marehemu? Mimi. Akasema yaani amelia siku nne kwa ajili ya mtu aliyekuwa anamlalamikia chumvi.

Nikadhani tumefika mwisho. Akauliza, na ile pamba?

Nikamwambia na ya pamba.

Hilo ndilo lililomuumiza. Alikaa kwenye kigoda. Akasema mwaka jana, zile siku kumi na moja, kila pumzi aliivuta kwa kuikamata, na akiivuta alikuwa anageuza macho kuangalia kama bado nipo kwenye benchi. Nikiwepo, anavuta nyingine. Na mimi ndiye niliyekwenda kutangaza maneno ya kumrudisha kule, ili nimshinde Fundi.

Nililia. Kibanio kilikuwa bado puani, kwa hiyo hakikuwa kilio cha heshima.

Aliniacha nikalia nikamaliza. Kisha akatoa hukumu. Kesho saa nne nitakaa kwenye kiti cha Sista, mbele ya kila mtu, nichomwe. Mkono wangu ukinyanyuka, yeye atakaa baada yangu. Nikiingia mitini, nihamie kwa Fundi nikaishi na cherehani. Na hakutaka nipige simu popote. Alijifunga kitambaa kichwani, akatoka, akapita nyumba kumi na mbili kwa miguu, akawaambia wenzake kwa kinywa chake. Alipumzika mara nne njiani, wameniambia.

Alhamisi, 14 Mei

Mtaa mzima ulikuwepo. Mtaa wa pili pia. Wote wamekuja kumwona maiti. Wengine walibeba viti. Wale wanawake kumi na wawili walikaa mstari wa mbele wamekunja mikono. Mwandishi wa gazeti na kamera. Mtangazaji na kinasa sauti. Fundi amerudi kutoka kwa dada yake, kofia kichwani, ananitomasa begani kuhakikisha.

Sista akanitazama kwa muda mrefu. Akatabasamu. Alichagua sindano. Anasema zote zilikuwa sawa. Mimi niliona nilichoona.

Nikakunja mkono wa shati. Nikafumba macho. Nikasikia kitu kinanigusa, nikapiga yowe lililoinua ndege bila kipaza sauti. Sista akasema bado, hiyo ni pamba ya spiriti. Watu wakacheka mpaka benchi likaanguka. Nikafumba tena, nikangoja, nikangoja, nikamwambia basi achome tuyamalize. Akasema ameshamaliza, niondoke kwenye kiti.

Kwisha? Kwisha.

Mama Watoto akaamuru ninyanyue mkono. Nikaunyanyua juu mpaka kwapa likaonekana. Akaniambia nizungushe. Nikazungusha. Upande wa kulia, akasema, na wenzake wakaangua kicheko. Kisha akakaa yeye. Nilitaka kumshika mkono, ila nilitazama pembeni, na nilipogeuka alikuwa ameshashusha mkono wa gauni na ananiuliza kwa nini nimemkanyaga mguu. Niliingia nyuma ya zahanati nikajifuta macho nimegeukia ukuta. Nilikuwa na furaha ya kupita kiasi.

Wanawake kumi na wawili wakafuata. Kisha waliobeba viti. Kisha foleni ikazunguka jengo. Kufika saa tisa sanduku likawa tupu, na Sista amepiga simu makao makuu kuomba jingine. Blanketi la mjane Mama Watoto amelichukua mwenyewe. Amewaambia wenzake ni haki yake, na hakuna aliyebisha.

Fundi amehojiwa kama rafiki wa utotoni wa marehemu. Dakika tisa.

Ijumaa, 15 Mei

MAREHEMU ACHANJWA. Ukurasa wa kwanza, picha yangu, mdomo wazi mpaka meno ya nyuma. Nakala nne.

Mama Watoto ameamka na mkono unauma. Hawezi kunyanyua sufuria. Nilikimbia zahanati bila viatu. Sista akasema ni kawaida, siku moja au mbili maumivu yanaisha, nirudi nyumbani nikaoshe vyombo. Nimeosha vyombo, nimefagia, nimepika chai, imekuwa chungu. Mama Watoto amekaa amejifunika blanketi la rangi ya maziwa na ananigombeza tangu saa mbili, mfululizo, bila kukatiza hata mara moja kuvuta pumzi. Kifua hicho! Nimesimama nasikiliza, nimekaribia kumshukuru.

Kisha nikafikiria jambo. Mkono wake unauma kweli. Kweli kabisa! Hakuna uongo ndani yake. Mke wa marehemu, mkono haunyanyui sufuria, siku moja tu baada ya chanjo. Nikamwambia taratibu kwamba habari hiyo, ikisimuliwa na mtu mwenye uzoefu wa kipaza sauti, haipungui dakika kumi na moja. Fundi atameza kofia.

Alinirushia kandambili. Kwa mkono huohuo unaouma, na shabaha haikukosea.

Sasa niko stoo. Binti wa simu amepokea. Ameuliza mkono wa mama unauma tu, au kuna zaidi, maana wa kuuma tu leo wamejaa. Nimemwambia kuna zaidi.